Mkata almasi na pete iliyoitwa chupa

Gurudumu la chuma linazunguka kwa kasi mpaka linaonekana kama limesimama. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani ameinama juu yake. Mkono wa kulia umeshika chuma kirefu chenye jiwe dogo kwenye ncha, na sikio la kushoto ameligeuzia chini, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Sauti inayotoka ni mluzi mwembamba. Ghafla mluzi unageuka kilio. Anainua mkono, analizungusha jiwe kidogo sana, analirudisha. Mluzi unarudi, naye anashusha mabega.

"Ukilisugua upande lisioutaka, linalia," anasema bila kuinua macho. "Almasi ina nyuzi kama ubao. Seremala akienda kinyume na nyuzi, randa inakwama. Na mimi ni hivyo hivyo. Jiwe lenyewe linakuambia, dada, siyo huku."

Katika karakana hii wanamwita Dada Kioo. Ana miaka arobaini na sita, ni mama wa watoto wawili, na ni mmoja wa wanawake wachache wanaoshika gurudumu. Wenzake wanasema ndiye mtu wa pekee mle ndani anayezungumza na mawe kwa sauti na asione aibu.

Anasimamisha kazi, analifuta jiwe kwa kitambaa kilicholowa spiriti, analisogeza karibu na jicho na kulitazama kwa lenzi ndogo nyeusi. Anaguna. Analigeuza. Anaguna tena.

"Bado limenuna," anatoa hukumu, kisha analirudisha kwenye gurudumu.

Kwa asiyejua, kitu kilicho kati ya vidole vyake hakina tofauti na punje ya sukari. Yeye anaona chumba chenye kuta.

"Watu wanadhani almasi inazaliwa inang'aa," anasema. "Ukiiona mbichi utaipita. Ni kama kipande cha barafu kilichoanguka mchangani. Mwanga hauko ndani ya jiwe. Mwanga uko pale dirishani. Mimi natengeneza kuta ili mwanga ukiingia kwa juu, upige ukuta wa huku, upige wa kule, halafu urudi kwa juu, kwenye macho yako. Ukirudi wote, jiwe linacheka. Ukipotelea njiani, linanuna. Basi."

Ile "basi" yake imemchukua zaidi ya miaka ishirini kuijua.

Alianzia kwenye vioo, ndiyo maana ya jina lake. Wazazi wao walipofariki, kaka yake mkubwa alimchukua na kumlea nyuma ya duka lake la vioo vya madirisha na vya kujitazamia. Akiwa bado na sare ya shule alikuwa akikata kioo kwa kalamu ya chuma huku wateja wakimtazama kwa wasiwasi. Akimaliza, anakigonga kidogo kwa chini na kioo kinaachana vipande viwili, safi kabisa.

Siku moja alitumwa kwenda kubadilisha kioo kilichopasuka kwenye karakana ya vito, mitaa miwili kutoka dukani. Alibandika kioo, akapaka gundi, halafu akabaki amesimama. Ndani, wanaume walikuwa wameinama kwenye magurudumu yao, na kwenye dari juu yao vilikuwa vinacheza vidoa vya rangi, vyekundu na vya bluu, vidogo kama siafu.

"Nilijua mambo ya kioo," anasema. "Nilijua mwanga unavyoruka ukikutana nacho. Lakini sikuwahi kuona mwanga ukifanyishwa kazi namna ile."

Alimwomba msimamizi wa karakana amfundishe. Msimamizi alicheka na kumwambia kwamba wao hawana shida ya fundi madirisha. Kwa hiyo akawa anarudi kama fundi madirisha. Kioo kikilegea, yeye. Gundi ikikauka vibaya, yeye. Kukiwa hakuna kitu, alikwenda kukagua.

Kaka yake, ambaye sasa mvi zimemjaa lakini bado anabeba kioo cha mlango peke yake, anaikumbuka miezi ile kwa kicheko.

"Nilianza kujiuliza, hawa watu wanacheza mpira humo ndani?" anasema. "Kila wiki mdogo wangu anakwenda kutengeneza dirisha lile lile. Nikamfuata. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, hajashika hata kipimio, amekodoa macho. Nikamwambia msimamizi, mzee, huyu mchukueni tu, kwangu ameshaondoka."

Wakamchukua. Mwaka wa kwanza alipewa kazi ya kusugua uso mmoja tu wa mawe ambayo wengine walikuwa wameshayapa umbo. Jiwe lake la kwanza kulikata mwenyewe tangu mwanzo lilikuwa dogo kama mbegu ya nyanya, na alilipunguza tumbo kupita kiasi.

Anaeleza kosa lile kwa kuchora angani kwa kidole. Almasi ya duara ina sehemu ya juu kama taji, kiuno katikati, na tumbo linaloishia kwenye ncha. Tumbo likiwa fupi mno, mwanga unaingia na kupitiliza chini kama maji kwenye chujio, na ndani ya jiwe kunatokea duara la kijivu linalokutazama.

"Tunaliita jicho la samaki. Msimamizi alilishika akaniambia, huyu anatutazama tu, haongei. Wenzangu wakaniita Mama Samaki mwezi mzima."

Leo jiwe la duara lenye nyuso hamsini na saba linatoka mikononi mwake likiwa limekaa sawa pande zote. Malipo yanategemea mawe. Mwezi ukiwa mzuri anarudi nyumbani na kicheko, mwezi ukiwa mkavu wanaishi kwa mshahara wa mumewe, ambaye ni mpishi wa shule. Nyumba ya vyumba vitatu wameijenga polepole, tofali baada ya tofali.

Mumewe ana lalamiko moja tu.

"Tukialikwa mahali, mke wangu hasalimii watu, anasalimia vidole," anasema. "Juzi amemshika mkono mama mmoja, mama wa watu anadhani amependwa. Kumbe mwenzake anaangalia pete."

Lakini kuna jambo ambalo Dada Kioo hakuwahi kuliona katika miaka yote hiyo. Mawe anayoyakata hufungwa kwenye karatasi na kuondoka na wafanyabiashara. Yanakwenda kuvaliwa na nani, hajui. Hakuwahi kuiona almasi yake kwenye mkono wa mtu, wala kuuona uso wa mtu huyo anapoitazama.

Hali hiyo ilibadilika mwaka jana, siku muuguzi mmoja alipoingia karakana akiwa bado na sare ya kazi.

"Dada, sitaki kuuza wala kununua," muuguzi alisema, akaweka pete mezani. "Nataka mtu mmoja tu aniambie, hii ni almasi au ni chupa. Nimechoka."

Nyumbani kwake, alieleza, wanaishi wanawake wawili wanaokaribia miaka themanini. Mmoja ni mama yake, mwenye pete, ambaye ilibidi abembelezwe sana ili aivue. Mwingine ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Tangu shangazi alipofiwa na mumewe na kuhamia hapo, kila asubuhi chai haijapoa ugomvi umeshaanza.

"Shangazi anamuuliza mama, wifi, umeshaosha chupa yako leo? Mama anajibu, nimeosha, imekusalimia. Basi, siku nzima ni chupa, chupa. Mama anasema baba alimnunulia almasi. Shangazi anasema kaka yake alikuwa bahili, asingeweza kununua hata kokoto. Mimi nikitoka zamu ya usiku nataka kulala."

Dada Kioo aliiosha pete kwa maji ya moto na sabuni, akaipiga mswaki chini ya makucha yanayoshika jiwe, kisha akaigusisha kipimo kidogo cha umeme, kinacholia kikikutana na almasi ya kweli. Kipimo kikalia. Akarudia. Kikalia tena.

"Mwambie shangazi ni almasi," alisema.

Muuguzi aliinua pete kuelekea dirishani. "Mbona haing'ai?"

Swali lilikuwa la haki. Hata baada ya kuoshwa, jiwe lilikuwa na giza katikati kama kisima. Dada Kioo aliliweka chini ya lenzi na kulitazama ubavuni, na hapo akaelewa. Kiuno kilikuwa kinene na tumbo refu kupita kiasi. Almasi huuzwa kwa uzito, na fundi aliyelikata zamani hakutaka kupoteza hata vumbi. Aliacha uzito wote umejificha chini, mahali ambapo hakuna anayeuona. Mwanga uliingia vizuri kwa juu, ukagonga kuta zilizosimama vibaya, ukatokea ubavuni.

Muuguzi alipeleka habari nyumbani. Siku chache baadaye alirudi, safari hii na wahusika wenyewe.

Mama yake aliingia kwanza, mwembamba, kimya, mkono mmoja umeufunika mwingine. Nyuma yake aliingia wifi mtu, mnene, ana fimbo ambayo haitumii kutembelea bali kuonyeshea vitu.

"Shikamooni mama zangu," Dada Kioo alisema, akasimama.

"Marahaba," waliitikia pamoja. Kisha fimbo ikanyooshwa. "Ndiye wewe uliyesema chupa ya wifi yangu ni almasi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ulijifunzia wapi kazi?"

"Nilianzia kwa kaka yangu, kwenye vioo."

"Ndiyo maana. Umezoea chupa, unaionea huruma."

Karakana nzima ilicheka. Hata msimamizi, ambaye hucheka kwa msimu, alijifanya anakohoa. Mwenye pete hakucheka. Aliketi kwenye kigoda na kuuliza taratibu, "Mwanangu, kama ni almasi, kwa nini imekuwa giza hivi?"

Dada Kioo alifungua droo, akatoa vipande viwili vya kioo cha kujitazamia. Alivisimamisha mezani vikiwa vimeshikana upande mmoja, kama kitabu kilichofunguliwa, akamwomba wifi mtu awashe tochi ya simu na kumulika katikati. Mwanga uligonga kipande cha kwanza, ukagonga cha pili, ukarudi moja kwa moja usoni mwake. Bibi alifumba jicho.

"Umenipiga."

"Umejipiga mwenyewe, mama. Sasa endelea kumulika." Akakifungua zaidi kidogo kile kitabu cha vioo. Mwanga ukakimbilia ukutani, kwenye kalenda.

"Umekwenda wapi?"

"Umekwenda kwa jirani. Na jiwe la wifi yako liko hivyo. Linapewa mwanga sawasawa na mawe yote, ila kuta zake zimekaa vibaya, kwa hiyo linaugawa kwa majirani."

"Basi halikufanana na aliyelinunua," alisema wifi mtu. "Kaka yangu hakugawa kitu kwa mtu."

"Wifi, nimekuomba usimseme mume wangu," alisema mwenye pete.

Dada Kioo alieleza kinachowezekana. Jiwe lingeweza kukatwa upya. Tumbo lingepunguzwa, kiuno kikasuguliwa, kuta zikalazwa pale zinapotakiwa. Uzito ungepungua karibu robo.

"Litakuwa dogo?" aliuliza mwenye pete.

"Ukilitazama kwa juu, hapana. Tunakata tumbo, uso tunauacha."

"Karakana ya namna hiyo hata mimi naitafuta," alisema wifi mtu, akijigusa ubavuni.

Kulikuwa na tatizo moja, na hakutaka kulificha. Ndani ya jiwe, karibu na kiuno, alikuwa ameona ufa mwembamba kama unyoya. Gurudumu huleta joto na mtetemo. Ufa ungeweza kutulia mpaka mwisho, au ungeweza kutembea na kulipasua jiwe vipande viwili. Mwenye karakana, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, hakuitaka kazi ile.

"Likipasuka tutamwambia nini mama wa watu?" aliuliza.

Mama wa watu ndiye aliyejibu. Aliivua pete, jambo ambalo binti yake anasema alikuwa hajalifanya kwa hiari yake tangu yeye binti alipoanza kupata akili, akaiweka kwenye kiganja cha Dada Kioo.

"Siku ile alinivisha kwa mkono wake mwenyewe," alisema. "Tangu siku hiyo watu wanamwita bahili. Amekufa wanamwita bahili. Mimi najua kilichomo humu, wao hawakioni. Likipasuka, nitavaa vipande. Kata, mwanangu."

Kazi ilichukua wiki kadhaa, kwa sababu aliifanya katikati ya kazi nyingine na hakutaka haraka. Kila asubuhi simu ya karakana iliita. Alikuwa ni wifi mtu.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka salama, mama."

"Amekula?"

"Ameliwa kidogo, upande wa tumbo."

"Haya. Nitampa wifi habari, hajalala."

Hofu ilikuwa kwenye ufa. Dada Kioo alianza kwa kusugua nyuso za mbali nao, akiukwepa. Siku moja, akiwa ameanza kuusogelea, mluzi wa gurudumu ulibadilika. Haukuwa kile kilio cha kwenda kinyume na nyuzi, anachokijua. Ulikuwa mkwaruzo mkavu, mfupi. Aliinua mkono kama aliyeungua. Kwenye lenzi, ufa ulionekana kusogea, au labda ni macho yake tu. Hakuwa na uhakika.

Alizima gurudumu, akavua kitambaa, akatembea mpaka dukani kwa kaka yake, akakaa kwenye kreti. Kaka yake alimmiminia chai na kuendelea kupima kioo cha kabati.

"Kuna nini?" hatimaye aliuliza.

"Jiwe la wale bibi. Lina ufa. Nauacha uwe wa mwisho, lakini kila nikipunguza jiwe, ufa unazidi kuwa karibu."

"Ulipokuwa hapa, ukipewa kioo chenye mkwaruzo pembeni, ulikuwa unaanza kukata wapi?"

"Kwenye mkwaruzo. Niutoe kabla kioo hakijabaki chembamba."

Kaka yake alirudisha macho kwenye futi yake.

"Nilibeba kikombe cha chai na kuondoka nacho, sikujua," anasema Dada Kioo, akicheka. "Mpaka leo anakidai."

Siku ile ile aliligeuza jiwe. Badala ya kuukwepa ufa aliuanza, jiwe likiwa bado na mwili wa kuushikilia, akisugua kidogo na kusimama, kidogo na kusimama, akiliacha lipoe kila mara. Ilipokaribia saa ya kufunga, alilifuta jiwe, akalitazama kwa lenzi, akalitazama tena, kisha akampa msimamizi. Msimamizi alilizungusha kwa muda mrefu.

"Ufa uko wapi?" aliuliza.

"Umekuwa vumbi."

Baada ya hapo, anasema, kazi ilikuwa kama kuteremka mlima. Uso baada ya uso, tumbo lilipungua mpaka kuta zikakaa mahali pake. Lile giza la katikati lilianza kupauka, likawa la kijivu, halafu asubuhi moja halikuwepo. Jiwe lilimetameta kila alipopumua karibu nalo. Lilitoa mwanga mweupe, na likiguswa kidogo lilirusha rangi, nyekundu, kijani, zambarau, mpaka kwenye mkono wa shati la msimamizi.

Sonara alilirudisha kwenye pete ile ile. Kwa kuwa duara la juu halikuwa limepungua, makucha ya zamani yalilipokea bila kubadilishwa.

Siku ya kuichukua, wote watatu walifika mapema kuliko walivyoahidi. Mwenye pete alikaa karibu na dirisha na kufumba macho. Dada Kioo alimvisha. Pete ilipita kwenye kifundo cha kidole ikakaa palepale penye alama yake.

"Fumbua, mama."

Alifumbua. Aliusogeza mkono mara moja, taratibu, na vidoa vya rangi vikapita kwenye sweta lake, kwenye kidevu cha binti yake, kwenye ukuta. Aliusogeza tena, upande wa pili, na tabasamu lilianza kujikusanya usoni mwake kidogo kidogo mpaka meno yakaonekana.

"Ndivyo nilivyokuwa nikiiona siku zote," alisema.

Wifi mtu alikuwa bado amesimama. Fimbo alikuwa ameiegemeza ukutani. Aliinama, akaushika mkono wa wifi yake, akautazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Wifi," alisema hatimaye. "Kaka yangu alipata wapi pesa ya kitu hiki?"

Mwenye pete aliitazama pete.

"Aliniambia nisikwambie."

"Amekufa miaka kumi na mbili. Niambie."

"Baiskeli."

"Baiskeli gani?"

"Ile mliyonunua wawili, wewe na yeye. Hakuibiwa kama alivyokuambia. Aliiuza, akaongeza na akiba yake yote. Ilikuwa arudishe sehemu yako kidogo kidogo, halafu akaona haya. Kwa hiyo nikawa siwezi kusema pesa ilitoka wapi. Ukisema chupa, nanyamaza. Ningefanyaje?"

Muuguzi anasema aliogopa. Alidhani sasa ndiyo watagombana kweli. Shangazi yake alikaa kwenye kigoda, akashika magoti, na mabega yakaanza kutikisika. Ilichukua muda watu kuelewa kwamba anacheka.

"Nilizunguka mitaa yote kuitafuta ile baiskeli," alisema, machozi yakimtoka. "Yeye mwenyewe ananisaidia kutafuta. Anaita kwenye vichochoro. Anauliza watu." Akajifuta kwa kiganja. "Kaka yangu alikuwa mwongo, bahili hakuwa. Wifi, miaka hamsini umenivumilia na mdomo huu?"

"Ulikuwa unanichekesha pia," alisema mwenye pete. "Siku nyingine."

Wifi mtu alinyoosha kidole chake kinene. "Basi nusu ya jiwe hilo ni yangu. Nivishe."

Pete iligoma kwenye kifundo cha kwanza. Walijaribu kidole kidogo, ikaingia. Alikwenda nayo dirishani, akarushia rangi dari, mafundi na kalenda, akimwuliza kila mtu kama anaona. Kila mtu alisema anaona.

Dada Kioo alikuwa amesimama kando, mikono kwenye mifuko ya aproni. Anasema wakati ule hakuwa akiitazama almasi.

"Nilikuwa nawatazama wao. Rangi zilikuwa zinapita kwenye mikunjo ya uso wa yule bibi mwenye fimbo, naye anacheka, na mwenzake anamtazama kwa upendo hivi. Nikajiambia, kumbe hiki ndicho ninachotengeneza. Miaka yote hii nilikuwa naishia kwenye karatasi."

Ugomvi wa asubuhi, kwa taarifa ya muuguzi, haujaisha. Umebadilika tu mada. Sasa wanagombania zamu. Mama huivaa wiki moja, shangazi wiki inayofuata, na kila mmoja anamshutumu mwenzake kwa kupitisha siku. Muuguzi amenunua pamba ya kuziba masikio na anasema ana furaha.

Habari zilisambaa kupitia mdomo wa wifi mtu, ambao haujawahi kupumzika. Alianza kuwaleta wazee wenzake karakana, kila mmoja na pete yake iliyofifia. Baadhi ya mawe yalihitaji kuoshwa tu. Mengine yalikuwa kioo kweli, na Dada Kioo aliwaambia wenyewe kwa upole, kisha akawang'arishia bure. Machache yalikuwa almasi zilizokatwa vibaya, na hizo alizikata upya.

Mwenye karakana, mtu wa hesabu, aliona kiti cha wageni hakikauki watu. Mwezi uliopita alikubali ombi ambalo Dada Kioo amekuwa akilileta kwa maneno tofauti tofauti tangu siku ya ile pete. Chumba cha mbele, kilichokuwa stoo ya makopo ya mafuta, kitakuwa chake. Atakata mawe ya watu, siyo ya wafanyabiashara peke yao, na gurudumu lake litakaa hapo.

Chumba kina kidirisha kimoja kidogo juu ya mlango. Kaka yake ameshafika na futi. Anataka kubomoa nusu ya ukuta na kuweka kioo kikubwa kinachopokea mwanga wa asubuhi, na nyavu za chuma nje ili mwenye karakana alale usingizi. Wamebishana kuhusu unene wa kioo na bado hawajaelewana. Dada Kioo amenunua viti viwili vyenye migongo, kwa ajili ya wateja, na kioo cha mkononi.

Wakati mazungumzo haya yanamalizika, mwanaume mmoja amesimama mlangoni, kofia mkononi. Amesikia habari. Ana pete ya mke wake mfukoni, ameichukua kimyakimya kabatini, anataka kumfanyia mshangao.

Dada Kioo anaipokea, anaiweka chini ya lenzi, anaguna mara mbili. Analo la kufanya hapo, anamwambia, jiwe ni zuri, limefinywa tu na aliyelikata. Halafu anaifuta pete, anaifunga kwenye karatasi na kumrudishia mkononi.

"Njoo mwezi ujao, dirisha likiwa limekamilika," anamwambia. "Na usije peke yako, kaka. Mlete na mwenyewe. Jiwe nimeshaliona. Sasa nataka kumwona yeye akilitazama."